Mkono wa Mwisho kwenye Pikapu ya Nassoro

Tulipokwisha kupinduka ndipo mshale ulipoanza kusema kweli.

Pikapu ilikuwa imelalia ubavu wa kulia mtaroni, baada ya daraja, kupita Ndono kwenye barabara ya Urambo. Injini ilikuwa imezima lakini ufunguo ulikuwa bado uko kwenye "on", taa za dashibodi zinawaka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa chini ya mlango. Dereva, Hamisi Sizya, alikuwa ameniangukia begani, mzito, kimya. Nilimwita, "Sizya. Sizya, amka bwana." Hakuitika. Mbele ya macho yangu ilikuwapo spidimita niliyoifunga mwenyewe, na mshale wake umesimama kwenye hamsini. Gari limelala mtaroni, mshale unasema tunakwenda hamsini.

Halafu nikakiona kidude cha antena ya spidimita hiyo. Kilikuwa kinaning'inia kwa waya wake, kimetokea chini ya dashibodi pale bati lilipochanika, kimezungushiwa tepu ya bluu. Jua la asubuhi likakipiga. Mshale ukatikisika, ukashuka taratibu mpaka sifuri.

Mimi kile kidude sikukiweka chini ya dashibodi. Nilikibandika juu, nyuma ya kioo cha mbele, mahali ambapo kinaona anga. Basi pale pale, kabla maumivu ya mkono hayajanifikia sawasawa, nikajua kuna mtu aliyegusa kazi yangu baada yangu. Jina lake ni Ramadhani Kapaya. Nitalitaja sana humu, na anayechoka kulisikia ajue kwamba mimi nimechoka zaidi.

Ninyi vijana mnaoanza ufundi wa umeme wa magari ndio ninaowaandikia. Shule niliishia darasa la saba, na sasa ninaandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo pale maneno yatakapopinda mtanyoosha wenyewe.

Kazi niliianzia kwenye gereji ya malori ya ushirika hapa Tabora, ng'ambo ya reli. Msimamizi wetu cheo chake kilikuwa fomani, lakini sisi tulimwita mnyapara, kama babu zetu walivyomwita kiongozi wa wapagazi waliokuwa wakishusha pembe pwani. Alikuwa Mzee Mihayo, Mmoravian, mtu mpole, hakuwahi kumpigia mtu kelele. Siku ya kwanza nilifika na shati la kanisani.

"Shikamoo, mnyapara."

"Marahaba. Umekuja kufanya kazi au kuoa?"

Wenzangu wakacheka. Akanipa kitambaa na debe la dizeli, nikaosha vyuma mpaka mchana. Jioni jioni akaniambia nifunge nati moja kwenye kishikio cha betri ya lori lililokuwa limemalizika kutengenezwa. Nikaifunga. Akaitikisa, akaridhika. Kisha akafungua mlango wa abiria.

"Panda."

"Niende wapi, mzee?"

"Kwenye testi. Umegusa gari, umegusa wa mwisho. Mkono wa mwisho ndio unaopanda."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya gereji ile. Gari likitoka kujaribiwa barabarani, kiti cha abiria hakikaliwi na meneja wala mwenye gari. Anakaa fundi aliyeligusa wa mwisho, na spana zake miguuni. Kama amefunga vibaya, ataumia naye. Madereva walikuwa wanatutania, mimi wakinipigia kelele: "Leo Maganga anakula alichopika!" Siku ile lori lilikwenda mpaka Kwihara na kurudi, mimi nimeshika dashibodi kwa mikono miwili kwa ajili ya nati moja. Niliposhuka Mzee Mihayo akasema, "Gari halivai hirizi. Hirizi yake ni wewe kukaa ndani." Sijasikia somo jingine la ufundi lililolizidi hilo.

Kazi niliyoipenda ikawa ya saa za dashibodi, hasa spidimita. Zile za zamani hazikuwa na umeme. Kulikuwa na kebo, waya mnene unaozunguka ndani ya mpira, upande mmoja umechomekwa kwenye giaboksi, upande mwingine nyuma ya saa. Magurudumu yakienda, kebo inazunguka, sumaku ndani ya saa inavuta mshale. Kebo ikikauka grisi, mshale unacheza kama mlevi. Ikikatika, unalala sifuri. Saa ya aina hiyo ikiharibika inaonyesha imeharibika, haina ujanja.

Kupima kama inasema kweli tulitumia mawe ya kilomita yaliyoko kando ya barabara. Dereva anashikilia mwendo mmoja, fundi ana saa ya mkononi, anaangalia jiwe hadi jiwe. Hesabu yake ni ya shule ya msingi.

Baadaye nilihamishiwa Kaliua, kwenye malori yaliyokuwa yakikusanya tumbaku vijijini na kuileta kwenye reli. Pale mkubwa wetu alikuwa Bwana Usafirishaji, mtu wa hasira, hana subira na fundi. Msimu wa masoko alikuwa anasimama mlangoni na kupiga kelele, "Maganga, gari linatembea kwa magurudumu au kwa saa? Litoe!" Nilikuwa namjibu, "Linatembea kwa magurudumu, mkuu, linasimama kwa saa." Alinichukia kwa jibu hilo. Lakini nikikataa kupanda, gari halikutoka, naye alikuwa anaingia ofisini na kubamiza mlango. Hata yeye, na hasira zake, desturi ile hakuivunja.

Ushirika ulipouza malori nikaenda Nzega. Njia panda ile ina mabasi ya kila upande, ya Mwanza, ya Singida, ya Tabora, na magari ya wachimba dhahabu yanayokuja yamevunjika kila kitu. Huko ndiko nilikokutana na vifaa vya setilaiti, vile vinavyofungwa kwenye mabasi ili mwendo wake uonekane kutoka mbali. Mkuu wa gereji alikuwa mama, Mama Shija, Msukuma wa Igunga, mjane aliyerithi gereji kwa mumewe. Alinionyesha antena, ndogo kama kiberiti.

"Hiki ni kama kinyonga, Maganga. Kinatazama juu. Kikiona setilaiti kinajua basi liko wapi sasa hivi, na baada ya kitambo lilipo tena, basi kinapiga hesabu ya mwendo. Ukikifunika na chuma hakioni."

"Kisipoona kinafanyaje?"

"Inategemea kimetengenezwaje. Kingine kinalala sifuri, huyo ni muungwana. Kingine kinang'ang'ania namba ya mwisho kiliyoiona. Huyo ndiye mchawi."

Nikakaa na Mama Shija mpaka macho yake yalipoharibika na gereji ikafungwa. Nikarudi Tabora, na aliyenipokea kwenye gereji yake ndiye huyu Ramadhani Kapaya.

Sitamsingizia. Kapaya alikuwa na mdomo mzuri, wateja walimpenda. Ukileta gari linatoa moshi, unaondoka umefurahi kabla halijaguswa. Nilipoanza kazi nilimweleza habari ya mkono wa mwisho, akacheka, akasema, "Safi sana, hiyo ndiyo nidhamu ninayoitaka." Akawaambia na mafundi wengine. Dereva wake wa testi alikuwa Hamisi Sizya, kijana wa zamani kama mimi, mwenyeji wa mtaa wa Ng'ambo. Alikuwa haendeshi gari ambalo fundi wake hakupanda. Alikuwa anapiga honi pale uani na kuita, "Nani mwenye mkono? Aje na roho yake!"

Sasa pikapu. Mwenyewe ni Nassoro, mfanyabiashara wa tumbaku na mwenye maduka sokoni. Pikapu ilikuwa ya Kimarekani, ya enzi za wakoloni, usukani upande wa kushoto, mkulima mmoja Mgiriki aliiacha Urambo ikaoza huko mpaka kuku wakatagia ndani. Nassoro akaiokota. Akaikata paa ikawa fupi, akaishusha chini, akaitia matairi mapana na injini kubwa ya silinda nane. Ikapakwa rangi nyekundu. Ekzosi yake ilikuwa inanguruma hata ikiwa imesimama, watoto wa Kitete walikuwa wanaikimbilia. Alitaka bintiye apelekwe ukumbini nayo siku ya harusi, yeye mwenyewe akiendesha.

Tatizo likawa spidimita. Injini ile ilikuja na giaboksi yake, na giaboksi ile haina tundu la kebo. Hata ingekuwa nalo, matairi si ya saizi yake, mshale ungesema uongo. Nikamwambia Kapaya dawa yake ni spidimita ya setilaiti: haijali giaboksi, haijali tairi, inapima gari linavyohama juu ya ardhi. Nassoro akaagiza Dar, ikaja nzuri, uso wake mweupe na namba za kizamani, unadhani ilizaliwa pamoja na gari.

Kuifunga si kazi kubwa, ila inataka utulivu. Waya mwekundu unauchukulia moto baada ya swichi ya ufunguo, na fyuzi yake mwenyewe, usiibe kwenye taa. Mweusi ni ethi, unafungwa kwenye chuma cha gari lenyewe. Gari la zamani lina kutu na rangi, kwangua mpaka uone chuma kinang'aa ndipo ufunge. Mmoja wa taa ya usiku. Halafu antena. Kabla sijaibandika niliijaribu: nikalizungushazungusha gari mtaani, likiwa bado linatembea nikaifunika antena kwa sufuria ya mama ntilie, kisha nikasimama uani. Mshale ukang'ang'ania pale pale ulipokuwa. Nikasema, kumbe huyu ni yule mchawi wa Mama Shija. Nikamwita Kapaya, nikamwonyesha kwa macho yake, nikamrudishia mama sufuria yake.

"Umeona, bosi? Hii ikifunikwa inadanganya. Na dashibodi ya gari hili ni bati nene, si plastiki. Lazima ikae juu."

"Nimeona, fundi. Wewe ndiye daktari."

Nikaibandika juu kwa gundi yake, nyuma ya kioo. Jioni Nassoro akaja kuangalia. Alizunguka gari, akatabasamu, akaingia ndani, tabasamu likaisha.

"Hiki ni nini hapa juu? Kama kupe."

Nikamweleza. Akamgeukia Kapaya kana kwamba mimi ni mlango.

"Kapaya, gari langu litapigwa picha na watu wa Dar. Siwezi kuwa na kupe kwenye dashibodi. Kiondoeni."

"Tajiri, usiwe na wasiwasi," Kapaya akasema.

"Bosi, hakiondoki," nikasema mimi.

"Maganga, nenda nyumbani ukapumzike. Kesho testi."

Nikaenda nyumbani. Asubuhi gari lilikuwa uani, injini inanguruma, Sizya yuko kwenye usukani. Juu ya dashibodi kulikuwa na kitambaa chekundu cha mahameli, kimetandikwa vizuri, Kapaya akasema ni urembo wa tajiri, amekileta yeye mwenyewe, tusikishike kwa mikono ya grisi. Kitambaa hakizibi setilaiti. Nikaamini kidude changu kiko pale pale chini ya kitambaa na tajiri ameridhika. Sizya akapiga honi.

"Nani mwenye mkono? Aje na roho yake!"

Kapaya alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Alisikia. Alikuwa anajua mkono wa mwisho ni wa nani. Akanishika bega, akasema, "Panda, fundi, mwende salama."

Mjini mshale ulikwenda sawa. Nadhani chini ya dashibodi kidude kilikuwa kinaibia anga kidogo kupitia kioo. Tulipotoka mjini Sizya akaongeza, mshale ukapanda mpaka hamsini, ukatulia. Nikamwambia ashike hapo hapo nianze kupima mawe. Gari liko chini, tairi pana, lami mpya, ekzosi inanguruma sauti ile ile. Sikio halikuambii kitu. Sizya aliona amesimama hamsini akawa anakanyaga kidogo ili mshale usishuke, kama dereva yeyote. Mshale haukushuka wala haukupanda.

Jiwe la kwanza, nikaangalia saa. La pili likaja nikiwa bado nahesabu. Nikadhani nimekosea, nikaanza upya. Miti ilikuwa inapita kasi. Daraja likaonekana, na kona yake.

"Sizya, mawe yanakuja haraka."

"Mshale unasema hamsini."

"Naona. Lakini mawe yanakuja haraka, punguza."

Akanitupia jicho, anacheka. "Maganga, saa umeifunga wewe au si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi."

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Alikanyaga breki tukiwa tumeshaingia konani.

Watu wa Ndono walitutoa. Niliamka wodini, hospitali ya Kitete, vidole vitatu vya mkono wa kulia havipo, na vilivyobaki havikunji. Kapaya akaja na chungwa na mkate. Wodi ilikuwa na wagonjwa wamelala, akavuta kiti karibu, akasema kwa sauti ya chini.

"Pole sana, fundi. Mambo ya Mungu haya."

"Kidude kilikuwa chini ya dashibodi, Kapaya."

Akamenya chungwa.

"Nilikisogeza kidogo. Tajiri alikuwa hataki kukiona, ungefanyaje wewe? Nilitaka kukwambia asubuhi, Sizya akawa na haraka."

"Sizya hakuwa na haraka. Alikuuliza mkono ni wa nani."

"Punguza sauti."

"Alikuuliza mbele yangu."

Akaweka chungwa kwenye kabati, akafuta vidole na shuka langu, akaondoka. Hajarudi mpaka leo.

Alichofanya baada ya hapo ni hiki, na watu wa mtaa wanakijua. Askari wa usalama barabarani walipomwuliza, alisema dereva alikuwa mwendo kasi, akijionyesha na gari la watu. Kwenye matanga Ng'ambo, mjane wa Sizya, Mama Zaituni, alipomwuliza, alisema fundi alifunga saa vibaya. Maneno mawili, kila moja kwa masikio yake. Mabaki ya pikapu yalivutwa mpaka uani kwake, dashibodi ikang'olewa kabla mimi sijatoka hospitali. Nassoro alimwozesha bintiye kwa gari jingine. Yeye naye namtaja: Nassoro aliambiwa mbele yangu kwa nini kidude kinakaa juu, na kitambaa cha mahameli alikileta yeye kuziba pale kilipotolewa.

Tangu hapo sifanyi kazi. Watu wanaita kustaafu. Nina miaka ambayo mafundi wengine ndio kwanza wanafungua gereji zao. Asubuhi nakwenda kwa mafundi vijana, nakaa kwenye tairi, nawaelekeza waya kwa mdomo. Wananisikiliza kwa heshima, halafu wanafanya wanavyotaka. Mke wangu ananifunga vifungo vya shati Jumapili. Ninaota nimeshika bisibisi.

Hayo nimeyazoea. Lisilozoeleka ni Ng'ambo. Nikipita kwa Mama Zaituni namwamkia, anaingia ndani. Mama mzazi wa Sizya, bibi wa watu, namwambia shikamoo mama, naye anaitikia marahaba akiangalia chini, kwa sababu hawezi kukataa shikamoo, lakini hanitazami. Mtoto mkubwa wa Sizya alipigana shuleni alipoambiwa baba yake aliua gari la tajiri kwa mbwembwe. Nilijaribu kueleza. Mjomba wao akanijibu, "Maganga, wewe mwenyewe ulikuwa ndani. Si ndiyo desturi yenu, aliyefunga ndiye anayepanda?" Nilipanda. Kwa yeyote anayeijua gereji, kupanda kwangu ndio ushahidi wa Kapaya.

Vijana, mshike hili: asubuhi ya testi usiamini kitambaa wala bega lililoshikwa. Fungua, tazama kwa macho yako kazi yako ilivyolala na ilivyoamka. Ukiuliza nani amegusa na mtu akakaa kimya, shuka.

Na wewe Kapaya, najua utasomewa haya, gereji yako bado ina watu wanaojua kusoma. Sitaki uje kwangu. Mkono wangu huwezi kuurudisha na sikuombi. Nenda Ng'ambo mchana, watu wakiwa nje. Mpitie Nassoro mwende wote wawili. Mwamkieni bibi, mkae chini, muwaite Mama Zaituni na wale watoto. Mseme ni nani aliyekitoa kile kidude juu ya dashibodi, ni nani aliyesema kitolewe, na kwamba Hamisi Sizya alikuwa akiendesha kwa mwendo aliodanganywa. Mimi nitasimama barabarani, sitaingia, sitafungua mdomo. Swali alilokuuliza Sizya pale uani, nani mwenye mkono, bado halijajibiwa. Wa kumjibu ni akina nani, kama si ninyi?